Baba Asiyekumbuka: Uhusika na Malezi katika The Simpsons

Katika masomo ya uchambuzi hufundishwa mara nyingi kwamba mhusika aliyesawiriwa vizuri hajipingi. Kanuni hiyo haitoshi tunapochambua komedi ya familia. Mzazi anayebadilika si lazima awe kosa la mtunzi, kwa kuwa mzazi yeyote huwa mpole leo na mkali kesho. Swali la kuuliza ni hili: je, kuna anayekumbuka alichokifanya?

Tutalijaribu swali hilo kwa The Simpsons, komedi ya katuni ya Marekani iliyobuniwa na Matt Groening na kuanza kurushwa na kituo cha Fox mwezi Desemba 1989. Homer, baba wa familia, anafanya kazi katika kiwanda cha umeme wa nyuklia. Ana mke, Marge, na watoto watatu: Bart mwenye miaka 10, Lisa mwenye miaka 8 na Maggie ambaye bado ananyonya.

1. Mhusika ambaye hajatulia

Katika kipindi kimoja cha mwaka 1990, Homer anaionea haya familia yake. Marge amelewa kwenye karamu ya mwajiri, na Lisa ni mtundu sawa na Bart. Homer anaiweka televisheni rehani ili alipie mtaalamu wa ushauri wa familia. Mtazamaji wa misimu ya baadaye atashangaa, kwa sababu huko Homer ndiye anayetia aibu, na Marge na Lisa ndio wenye busara. Tofauti hii haina uzito mkubwa: watunzi walikuwa bado wanawatafuta wahusika wao.

2. Ukinzani wenye hesabu

Katika "Lisa's Pony" (1991), Lisa anamwomba baba yake amnunulie kifaa kidogo cha saksafoni yake kabla ya onyesho shuleni. Homer anapitia kwanza kwenye baa, anachelewa, na mtoto anaaibika mbele ya watu. Ili apendwe tena, anamnunulia farasi mdogo asiyeweza kumlipia, kisha anafanya kazi ya pili usiku hadi nguvu zinamwishia. Lisa anapoyajua hayo, anamwacha farasi kwa hiari yake. Baba mzembe na baba anayejitoa ni mtu yuleyule, nasi tunaamini, kwa sababu kosa limegharimu na mtoto ameliweka moyoni.

Vivyo hivyo katika "And Maggie Makes Three" (1995). Watoto wanauliza kwa nini albamu haina picha za Maggie. Jibu ni kwamba Homer, aliyerudi kwenye kazi asiyoipenda kwa ajili ya mtoto huyo, amezibandika zote mahali pake pa kazi. Hapa Homer si mhusika bapa tena.

3. Ukinzani usio na hesabu

Kwa upande mwingine, Homer anamkaba Bart koo mara nyingi, na dakika moja baadaye wanakula meza moja kana kwamba hakuna lililotokea. Hata historia ya wazazi haina usalama: kipindi cha 1991 kinasema walikutana shuleni mwaka 1974, lakini kipindi cha 2008 kinauweka uchumba wao katika miaka ya 1990. Mwaka 1997 watunzi wenyewe walimleta Frank Grimes, mfanyakazi mpya anayeshangaa kwamba uzembe wa Homer hauna malipo. Mgeni huyo anashikwa na wazimu na kufa. Katika mji huo, anayedai hesabu hana nafasi.

4. Methali kama kipimo

Waswahili husema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii inayaweka malezi mbele ya hakimu mmoja, yaani kukua. Lakini Bart ana miaka 10 tangu 1989. Asipokua mtoto, malezi hayana matokeo, na mtunzi anaweza kumgeuza baba apendavyo kulingana na kichekesho cha wiki.

Mtu atapinga kwamba komedi ya namna hii hulazimika kurudi mwanzo kila wiki. Ni kweli, lakini "Lisa's Pony" nayo inarudi mwanzo: farasi hayupo tena. Kilichoiokoa ni kumbukumbu ya mtoto ndani ya dakika zilezile chache. Kwa hiyo, anayechambua malezi katika komedi asimtazame mzazi peke yake. Amtazame mtoto: anakumbuka nini, na kumbukumbu hiyo inamdai nini mzazi? Mtoto asipokumbuka, mtazamaji naye huzoea kucheka bila kuuliza ni nani aliyeumia.

Maswali ya kujadili

1. Chagua komedi moja ya familia unayoifahamu. Taja tendo moja la mzazi linalopingana na tabia yake, ueleze kama lina hesabu au halina.
2. Je, mhusika bapa anaweza kuwa mzazi wa kuaminika? Jadili kwa mifano.