Uso Unapouma Kwenye Sujudu

Nilikwenda Kipungani kwa arusi, nikarudi na maswali. Kijiji kiko pembe ya kusini magharibi ya kisiwa cha Lamu, hufikiwa kwa mashua kupitia mkondo wenye mikoko, na sifa yake ni mikeka, vikapu na kofia za miyaa. Mimi ni muuguzi kwa kusomea, na kwa miaka kadhaa sasa nafundisha yoga na mazoezi ya kupumua. Huku visiwani nimeshabandikwa jina: Nesi wa Pumzi. Asubuhi baada ya arusi niliwakuta kina mama barazani wanasuka ukili, mmoja wao akifuta pua kwa ncha ya leso kila baada ya mishono michache. Nikamuuliza amepatwa na nini. "Mafua ya mwaka," akajibu. Tangu hapo hatukuzungumza jingine mpaka adhana ya adhuhuri. Yafuatayo ni maswali niliyoulizwa, na majibu niliyoyatengeneza kidogo niliporudi nyumbani.

*Mwanangu, nikisujudu uso wote huwa mzito kama umetiwa mchanga. Haya ni mafua, au ndiyo hiyo sainasi?*

Mama, hicho kipimo chako cha sujudu hata daktari hukiuliza, ila yeye husema "ukiinama". Ndani ya mifupa ya uso mna vyumba vya hewa, jozi nne: kwenye mashavu, kwenye paji, katikati ya macho, na nyuma kabisa karibu na shina la ubongo. Hivyo ndivyo sainasi. Kila chumba kina kijitundu cha kutolea ute kuelekea puani. Sasa tazama hila ya maumbile: kile cha shavuni mlango wake uko juu, karibu na dari, kama ghala ambalo fundi alisahau mlango akautoboa mwishoni. Ute hauwezi kumwagika wenyewe. Unasukumwa kupanda juu na vinywele vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Mafua yakivimbisha mlango, au moshi ukivilemaza vile vinywele, ute unabaki ndani, na ukiinamisha kichwa unausikia uzito wake.

Yakiwa chini ya wiki nne tunasema ni ya ghafla, na mara nyingi ni virusi, kwa hiyo dawa za antibiotiki ulizonunua dukani hazina kazi. Yakipita wiki kumi na mbili ni sugu. Wewe umeniambia mwaka. Basi wewe si wa kumalizana nami hapa barazani tu. Unahitaji pia daktari akuangalie ndani ya pua.

*Na yoga inaingia wapi? Kujikunja ndiko kutatoa kamasi?*

Hapana. Wengi wakisikia yoga hufikiria wale wageni wa Shela wanaosimama kwa kichwa ufukweni wakati wa tamasha la yoga la Lamu, lililoanza 2014. Kwa pua iliyoziba, mikao hiyo yote haifikii zoezi moja la kukaa kitako na kuvuma kama nyuki. Wahindi waliliita bhramari, kwa jina la nyuki mweusi.

Mwaka 1995 watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, walionyesha kwamba vile vyumba vya usoni hutengeneza gesi ya naitriki oksaidi kwa wingi. Gesi hiyo hutanua mishipa ya damu na huzuia baadhi ya vijidudu. Ndiyo iliyowapa wanasayansi watatu wa Marekani Tuzo ya Nobel mwaka 1998, kwa kazi yao juu ya moyo na mishipa. Kisha mwaka 2002 wawili wa Stockholm, Weitzberg na Lundberg, wakawaambia watu kumi wenye afya watoe pumzi puani kimya, halafu watoe huku wakivuma. Walipovuma, gesi iliyotoka puani iliongezeka mara kumi na tano. Mtetemo huifanya hewa iingie na kutoka kwenye vyumba kwa kasi, badala ya kulala humo kama maji ya dimbwi.

Fanya hivi. Kaa juu ya mkeka wako, mgongo wima, mabega yameshuka. Funga midomo, lakini meno yasigusane. Weka ncha za vidole chini ya macho, palipo na mfupa. Vuta pumzi puani taratibu, kisha itoe kwa sauti ya "mmm" ya chini, ndefu, bila kujikaza. Sauti ikiwa mahali pake, utausikia mfupa ukitetemeka chini ya vidole. Usipousikia, ishushe sauti kidogo. Mara kumi asubuhi, kumi jioni. Ukiona kizunguzungu, acha upumue kawaida.

Kuna taarifa ya mwaka 2006 katika jarida moja la tiba kuhusu mtu mmoja aliyevuma saa nzima kila siku, naye akasema sainasi yake sugu ilikwisha kwa siku nne. Naitaja kwa sababu mtasikia ikitangazwa kama dawa. Mtu mmoja ni mtu mmoja. Mimi naahidi nafuu, kupona siahidi.

*Nesi, usinione mkorofi, lakini hiyo si ibada ya watu?*

Si ukorofi, dada. Wanavyuoni wenyewe wamelijadili. Malaysia, baraza lao la fatwa liliikataza yoga kwa Waislamu mwaka 2008. Indonesia, Januari 2009, baraza la maulamaa likapambanua: yenye mantra na ibada ndani yake hapana, iliyo mazoezi matupu ya mwili haina neno. Saudi Arabia iliikubali miongoni mwa michezo mwaka 2017. Mimi si mwanachuoni, na mwenye shaka amuulize sheikhe wake. Ninachojua ni kwamba mfupa wa shavu haujali unatamka nini. Sifundishi "Om" wala jina lolote. Nafundisha "mmm", sauti ya mtu aliyeonja wali wa nazi ukamkolea.

*Sisi twapandisha maji puani kila udhu, mara tano kwa siku. Mbona hatuponi?*

Swali hili nalipenda kuliko yote. Kupandisha maji puani na kuyapenga ni usafi mkubwa, na Mtume amehimiza kuyapandisha sana, ila kwa aliyefunga. Huko India wana jala neti, kuosha pua kwa kibirika chenye mdomo mrefu. Tofauti ni tatu: kiasi cha maji, chumvi, na namna maji yanavyopita. Ya udhu ni kiganja kimoja, matupu, yanaingia na kutokea tundu lilelile. Ya neti ni kikombe kizima, yana chumvi ya kiasi cha ile iliyo mwilini, yanaingia tundu moja na kutokea la pili.

Chumvi si pambo. Mara ya kwanza kujaribu niliisahau, nikamimina maji matupu, na yalivyonichoma mpaka kisogoni nilidhani nimetia siki. Tumia nusu kijiko cha chai kwa kikombe cha mililita 240. Isiwe chumvi ya mawe yenye mchanga. Ukipata isiyotiwa madini joto ni bora, maana madini hayo huwawasha wengine. Chembe ya magadi ya kuokea hupunguza mwasho. Kibirika si lazima. Bomba la sindano la mililita 20, bila sindano yenyewe, linatosha. Inama juu ya karai, geuza kichwa ubavu, pumua kwa mdomo uliofunguka, sukuma maji polepole tundu la juu, yatatoka la chini. Ukimaliza inama, upenge taratibu matundu yote mawili yakiwa wazi. Kupenga kwa nguvu huku umebana moja kunaweza kurudisha uchafu vyumbani. Mwezi wa Ramadhani ngoja mpaka baada ya futari.

Sasa lisikilizeni hili. Maji hayo lazima yawe yamechemka yakatokota dakika nzima, yakapoa yakabaki vuguvugu, yakatumika siku hiyohiyo. Si ya kisima, si ya jabia, si ya tangi lililopigwa jua juu ya paa, hata yakionekana maangavu kama kioo. Katika maji baridi yasiyo ya bahari, yakipata joto, huweza kuishi kijidudu kiitwacho Naegleria. Ukikinywa hakikudhuru. Kikipanda puani kinafika kwenye ubongo, na walionusurika wanahesabika. Mwaka 2011 watu wawili walikufa Louisiana, Marekani, baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba yasiyochemshwa. Ni nadra sana, lakini kuni za kuchemsha kikombe kimoja ni rahisi kuliko sanda.

*Mimi nazamia kamba koche. Siku za mafua nikishuka nasikia kama nimechomwa kisu juu ya jicho. Nivume kwanza ndipo nizame?*

Usizame, kaka. Ukishuka mita kumi, hewa iliyomo mwilini hubanwa ikabaki nusu ya ukubwa wake. Mlango wa chumba ukiwa wazi, hewa nyingine huingia kujaza pengo. Ukiwa umeziba, nyama ya ndani huvutwa, ikavimba, ikatoa damu. Ndicho hicho kisu, na ndiyo damu unayoikuta ndani ya barakoa. Matone ya kuzibua pua nayo yana hiana: yanaweza kuisha nguvu ukiwa chini, hewa ikakosa njia wakati wa kupanda. Tena ukiyazoea zaidi ya siku tano hivi, pua huziba kwa sababu ya hayohayo matone. Vuma, osha, pumzika, na urudi majini siku ambayo unapumua matundu yote mawili bila kufikiria. Najua siku ya kukaa nchi kavu ni siku isiyo na pesa.

*Usiku huziba tundu moja, nikigeuka laziba jingine. Nimerogwa?*

Hujarogwa. Pua ya kila mtu hufanya kazi kwa zamu, upande mmoja huvimba kidogo mwingine ukifunguka, na baada ya saa chache hubadilishana. Mjerumani Kayser aliliandika jambo hilo mwaka 1895. Tena ukilala kwa ubavu, tundu la chini huziba na la juu hufunguka. Basi likiziba la kushoto, lalia ubavu wa kulia, usubiri. Wayogi wa kale walilijua hili. Walikuwa na gongo fupi la kuegemea kwapani, wabane upande mmoja ili tundu la upande wa pili lifunguke.

Zoezi la kupumua kwa kupokezana matundu, nadi shodhana, lifanyeni mchana pua ikiwa nyepesi. Linatuliza moyo, na mtu aliyetulia huyabeba maumivu vizuri zaidi. Kwenye pua iliyoziba kabisa ni kujitesa.

*Na kujifukiza kwa majani ya mkaratusi?*

Kunaburudisha. Uingereza walipima, wagonjwa 871, matokeo yakatoka 2016: maji ya chumvi yalisaidia, mvuke haukuleta tofauti ya maana isipokuwa kupunguza kuumwa kichwa. Na sufuria ya maji ya moto chini ya shuka, watoto wakicheza karibu, mimi nimeshafunga vidonda vyake vya kutosha.

*Kuna zoezi la kuliepuka?*

Yote ya kichwa chini miguu juu, maadamu uso unauma. Na kapalabhati, ile ya kutoa pumzi kwa vishindo vya tumbo, asiiguse mjamzito, mwenye presha, mwenye ngiri, wala anayetokwa damu puani. Vijana huipenda kwa sababu ina kelele.

*Hospitali niende lini?*

Siku hiyohiyo ukiona jicho limevimba au unaona vitu viwili viwili, homa kali, shingo kukakamaa, kichwa kuuma kuliko kawaida yake, au mtu kuanza kusema ovyo. Hapo msingoje maji yajae. Tafuteni mashua mfike Hospitali ya King Fahd, Lamu mjini. Usaha wenye harufu upande mmoja tu, kwa mtu mzima, muulizeni daktari wa meno pia: mizizi ya magego ya juu hukaribiana mno na chumba cha shavuni, na jino bovu hulichafua ghala. Kwa mtoto mdogo, upande mmoja na harufu, mara nyingi ni ushanga au kokwa alizojitia mwenyewe.

*Na mimi wa mafua ya mwaka?*

Kwako niliomba kuingia jikoni kwanza. Mafiga matatu, dirisha limezibwa kwa gunia, dari nyeusi kama makaa. Na chumbani chetezo cha udi kila jioni. Mama, nikikufundisha kuvuma mpaka uwe bingwa, moshi ule utakushinda. Ondoa gunia, na siku isiyo na mvua pika uani. Udi choma mlango ukiwa wazi, nawe uwe nje. Mikeka ya kulalia ianikwe juani na kukung'utwa, na akung'ute mtu mwingine, si wewe.

Akaniuliza kama anaweza kuvuma huku anasuka. Nikamwambia mikono haina kazi katika zoezi hili, asuke tu. Akaanza hapohapo, sauti ya chini, nzito, ukili ukizunguka magotini, na wenziwe wawili wakamfuata. Mjukuu wake akatoka ndani mbio kuuliza nani amewasha jenereta.