Kuwahesabu Pomboo wa Ghuba ya Menai

Eneo la Hifadhi la Ghuba ya Menai, lililotangazwa mwaka 1997, linafunika takriban kilomita za mraba 470 za bahari kusini-magharibi mwa kisiwa cha Unguja. Mkabala na Kizimkazi wanaishi pomboo wa aina mbili: pomboo wa pwani, ambaye wataalamu humwita Tursiops aduncus, na pomboo wa nundu, Sousa plumbea, aliye katika hatari ya kutoweka duniani. Wote wawili ni wakaazi wa mwaka mzima. Si wapita njia.

Utafiti wao, hata hivyo, hufuata upepo. Kusi inapovuma, bahari ya Kizimkazi huchafuka na pezi halitambulikani katikati ya povu. Kwa hiyo kazi kubwa hufanywa wakati wa kaskazi, maji yanapotulia. Kusi nayo ina neema yake, kwani ndiyo majira ya nyangumi wa nundu wanaotoka bahari baridi za kusini ya mbali kuja kuzaa katika maji ya joto.

Pomboo hahesabiki kama mbuzi zizini. Huzama, huibuka kwingine, na wengine hawaonekani kabisa siku hiyo. Watafiti huwapiga picha pezi la mgongoni, ambalo kwa kila mmoja lina mikato na makovu yake, mithili ya alama ya kidole. Tuseme siku ya kwanza wanatambuliwa 40, na safari ya pili wanatambuliwa 30, ambao 20 kati yao walikwisha kupigwa picha. Theluthi mbili ya walioonekana ni wenyeji wa daftari. Basi wale 40 wa awali yafaa wakadiriwe kuwa theluthi mbili ya wote, na jumla ni 60. Hesabu halisi huhitaji safari nyingi zaidi, lakini msingi wake ni huo.

Kwa njia hiyo ilibainika, katika tafiti zilizoanza mwishoni mwa miaka ya 1990, kwamba pomboo wa pwani katika eneo lililochunguzwa hawafiki 200, na wale wa nundu hawafiki 100. Idadi hiyo ni ndogo mno kwa mnyama ambaye jike lake hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima, huzaa mtoto mmoja, kisha hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Wataalamu hushauri kwamba vifo vinavyosababishwa na binadamu visizidi asilimia 2 kwa mwaka. Katika kundi la pomboo 150, hao ni watatu tu. Watafiti walikuta kuwa nyavu peke yake zilivuka kiwango hicho.

Mvuvi hatandi jarife kwa nia ya kumnasa pomboo. Siku za nyuma alichomwa kwa chusa awe chambo cha papa, lakini desturi hiyo ilikoma katika miaka ya 1990, utalii ulipoonyesha kwamba pomboo hai ana thamani kuliko chambo. Jarife linabaki kuwa tatizo kwa sababu pomboo ni mnyama mwenye mapafu: akinaswa chini, hufa kwa kukosa hewa. Utalii wenyewe si salama kwa kila hali. Boti nyingi zikimzunguka mama na mtoto, kunyonyesha na kupumzika hukatizwa. Nahodha anayewatangulia na kuwakatia njia huwafukuza wanyama wanaomlisha.

Mzoga nao ni somo. Aprili 2006, mamia ya pomboo walikutwa wamekufa ufukweni Nungwi, na uchunguzi ulifanyika. Anayemkuta pomboo, nyangumi au nguva aliyekufa asimkate wala kumzika. Aandike mahali na saa, apige picha ya pezi ikiwa ana simu, na amjulishe sheha au kamati ya wavuvi siku hiyohiyo. Aliye hai akikwama pwani hufunikwa kitambaa chenye maji, na tundu la kupumulia kichwani huachwa wazi.