Mtoto Yatima na Maswali ya Mganga

Mwezi huu tujifunze afya kutoka katika hadithi. Mwaka 1847 Charlotte Brontë, mwandishi wa Uingereza, alitoa kitabu kiitwacho Jane Eyre. Sura zake za mwanzo zinawafaa wote wanaolea mtoto wa marehemu.

Jane ana miaka 10. Wazazi wake walikufa kwa homa ya tifasi, ambayo baba yake aliipata kwa kuwatembelea maskini. Mjomba alimchukua, na alipokaribia kufa alimwahidisha mkewe, Bi. Reed, amlee kama mwanawe. Ahadi ilitimizwa kwa chakula na nguo tu. John, mtoto wa nyumba mwenye miaka 14, humpiga Jane apendavyo, na mama mtu hajioneshi kuona. Siku moja anamtupia kitabu, Jane anaanguka na kupasuka kichwa. Anapojitetea, anayeadhibiwa ni yeye. Anafungiwa peke yake katika chumba alimofia mjomba, giza linaingia, anadhani ameona mzimu. Anapiga kelele, anasukumwa ndani tena, anazirai.

Kesho yake machozi hayakatiki. Analetewa kitu kitamu kwenye sahani nzuri ambayo siku zote aliitamani, nacho hakipiti kooni. Anapewa Safari za Gulliver, kitabu alichokipenda sana, na sasa kinamtisha. Hapo tuangalie vizuri. Mtoto anapokataa akipendacho na kukosa raha hata ya mchezo wake, hiyo ni dalili ya ugonjwa, hata kama kipimajoto hakioneshi kitu.

Anayekuja kumtibu ni Bwana Lloyd, mtengeneza dawa aitwaye watumishi wakiugua, Bi. Reed na wanawe huitiwa daktari. Yaya anamjibia mtoto: ameanguka, tena analia kwa kuwa hakupelekwa matembezi. Yaya huyu si mbaya, ila anaogopa kazi yake. Katika zahanati nyingi mazungumzo yangeishia hapo. Lakini kengele ya chakula inalia, na Bwana Lloyd anamwambia yaya aende kula. Wamebaki wawili, ndipo anauliza ni nini hasa kilichomwuguza. Habari ya mzimu inamchekesha kidogo, hata hivyo anaendelea: kuna nini kingine kinachokuhuzunisha? Una ndugu wengine? Ungependa kwenda shule?

Nasi tukimwuliza mtoto, tukae mahali tunapoonekana na watu lakini tusiposikika. Tusimwahidi kwamba hatutamwambia mtu yeyote, maana huenda ikabidi kutafuta msaada. Na maneno yake tusiyapeleke kwa yule anayemtesa, kwani usiku ataachwa naye.

Kwa shauri la Bwana Lloyd, Jane anapelekwa shule ya Lowood. Si mahali pema: chakula kibaya, baridi kali, na tifasi inawalaza wasichana 45 kati ya 80. Brontë aliyajua hayo, kwani mwaka 1825 dada zake wawili, Maria na Elizabeth, walikufa kwa kifua kikuu baada ya kutolewa shule ya namna hiyo. Lakini huko Jane anapata rafiki, na mwalimu anayemsikiliza.

Bi. Reed alikwisha kumchafulia jina hata huko, naye Jane anasimamishwa juu ya kiti mbele ya wote na kuitwa mwongo. Mwalimu anamwandikia Bwana Lloyd kumwuliza. Baada ya siku chache jibu linafika, linalingana na maneno ya mtoto, na shule nzima inatangaziwa kwamba Jane hana hatia.