Pembetatu Izungukayo: Kiwanda cha Mazda na Injini Yake

Injini ya kawaida ya gari ina pistoni ziendazo juu na kurudi chini ndani ya silinda. Kila pistoni ifikapo mwisho wa safari yake haina budi kusimama, kisha kurudi itokako. Na mwendo huo wa kwenda na kurudi lazima ugeuzwe kuwa mzunguko ili magurudumu yapate kwenda. Je, haiwezekani kuunda injini inayozunguka tangu mwanzo? Mhandisi Mjerumani, Felix Wankel, alilishughulikia swali hilo kwa miaka mingi, na mwaka 1957 injini ya kwanza ya aina hiyo iliwashwa katika kiwanda cha NSU, Ujerumani Magharibi. Hata hivyo, kiwanda kilichoshikamana nayo kuliko vyote kilikuwa Japani, mjini Hiroshima.

Kiwanda hicho hakikuanza na magari. Kilianzishwa mwaka 1920 kwa jina la Toyo Cork Kogyo, kikitengeneza bidhaa za lile gome jepesi litumikalo kwa vizibo vya chupa. Jujiro Matsuda, aliyekiongoza tangu mwaka 1921, alikielekeza kwenye mashine, na mwaka 1931 kikatoa gari la mizigo la magurudumu matatu lililoitwa Mazda-Go. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la atomiki liliangushwa juu ya Hiroshima. Kiwanda kilikuwa umbali wa kilomita zipatazo 5 kutoka kitovu cha mlipuko, tena nyuma ya kilima cha Hijiyama, kwa hiyo hakikuteketea. Ofisi za serikali ya mkoa zilihamia humo kwa muda, na kabla ya mwaka kwisha magari ya magurudumu matatu yalikuwa yakiundwa tena.

Mwaka 1960 likaja gari dogo la abiria. Wakati huo serikali ya Japani ilikuwa ikifikiria kuviunganisha viwanda vya magari ili vibaki vichache, na kiwanda kidogo kisicho na jambo la pekee kingeweza kumezwa. Ndiyo maana Tsuneji Matsuda, mwana wa Jujiro, alinunua kwa NSU haki ya kutengeneza injini ya Wankel. Mambo yalikamilika mwaka 1961.

Ndani ya injini hiyo hamna pistoni. Mna rota, yaani kipande cha chuma chenye umbo la pembetatu ambayo pande zake zimetuna kidogo. Rota huzunguka ndani ya chumba chenye umbo linalokaribia namba nane iliyonenepa kiunoni, na ncha zake tatu hugusa ukuta daima. Hivyo hupatikana nafasi tatu zinazopanuka na kusinyaa kadiri rota inavyozunguka: katika nafasi moja mchanganyiko wa petroli na hewa huvutwa ndani, kisha hushindiliwa, huwashwa na plagi, na mwishowe moshi husukumwa nje. Rota ikizunguka mara moja, mhimili huzunguka mara tatu. Kwa kuwa kila upande wa rota huleta mwako mmoja, mhimili hupata msukumo mmoja kwa kila mzunguko. Silinda moja ya injini ya kawaida yenye mipigo minne hutoa msukumo mmoja kwa mizunguko miwili. (Mwanafunzi na ahakikishe hesabu hiyo kwa mchoro.)

Tatizo lilikuwa kwenye ncha. Kila ncha ina kibamba chembamba cha kuzuia gesi isivuje kutoka nafasi moja hadi nyingine. Vibamba hivyo vilitetemeka vikikwaruza ukuta, vikaacha mistari ambayo wahandisi waliiita kucha za shetani. Mwaka 1963 Kenichi Yamamoto alikabidhiwa idara ya wahandisi 47 kuitafutia dawa. Ikabainika kwamba ugumu wa chuma peke yake hautoshi. Kiini cha jambo kilikuwa mtetemo wenyewe, maana kila kitu kina kasi yake ya asili ya kutetemeka. Vibamba vilivyotobolewa ndani vilitetemeka kwa namna nyingine, na mikwaruzo ikatoweka. Kwa magari ya kuuzwa vilichaguliwa vibamba vya kaboni iliyochanganywa na alumini. Basi kiwanda kilichoanza na vizibo kilikuwa kimerudi kwenye kazi ya kuziba! Mei 1967 gari la Cosmo Sport lilianza kuuzwa, likiwa na rota mbili.

Ila kasoro moja haikuwa ya vibamba. Nafasi ya mwako katika injini hii ni ndefu na bapa; joto jingi hupotelea kwenye kuta na petroli haiungui yote. Bei ya mafuta ilipopanda ghafla kuanzia Oktoba 1973, wanunuzi waliyakimbia magari hayo, na kiwanda kikakaribia kufilisika. Wafanyakazi wengi walitumwa kwenda kuuza magari, huku wahandisi wakipewa lengo la kupunguza matumizi ya petroli kwa asilimia 40. Gari la RX-7 la mwaka 1978 ndilo lililoirudishia injini hiyo heshima. Mwaka uliofuata kampuni ya Ford ilinunua robo ya hisa, na mwaka 1984 jina la kampuni likawa Mazda.

Mwaka 1991 gari la Mazda lenye rota nne lilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa; hakuna kampuni ya Japani iliyokuwa imewahi kufanya hivyo. Utengenezaji wa RX-8 ulikoma mwaka 2012, kwani petroli na moshi viliendelea kuisumbua injini hiyo. Mwaka 2023 ilirejea katika kazi nyingine kabisa: katika gari la MX-30 R-EV haisukumi magurudumu, bali huzungusha jenereta ya kuchaji betri. Rota yake ni moja tu, yenye sentimita za ujazo 830.