Somo: Kivinjari Kifunguke Kwa Faragha Daima

Pale ambapo chama cha msingi wilayani Songea kina kompyuta moja, katibu huiacha na mhasibu huikalia. Kivinjari huhifadhi kurasa zilizofunguliwa, na huweza kumwacha katibu akiwa bado ameingia katika mfumo. Hivyo malipo ya wakulima huweza kubadilishwa kwa jina lake, naye ndiye atakayeulizwa. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za watu zilindwe.

Katika Firefox, katibu afungue mipangilio, aingie sehemu ya faragha na usalama, kisha penye historia achague isikumbukwe kamwe. Kivinjari kitajifunga na kufunguka upya. Tangu hapo kitaanza kwa faragha kila mara.

Hata hivyo, faragha hiyo ina mipaka. Kumbukumbu hufutika madirisha yote yanapofungwa, si kabla. Mafaili yaliyopakuliwa hubaki. Yaliyoandikwa ndani ya mfumo hayafutiki, na mkaguzi atayaona.

Swali la kujadili: Katika chama chetu, nani hufunga kivinjari kazi inapokwisha?