Sarufi ya maghorofa: -nge- na -ja- katika sanaa ya Kongo

Usanifu wa kisasa ulifika Kongo wakati wa ukoloni kwa saruji, mistari iliyonyooka na majengo ya etaji. Bukavu, iliyoitwa Costermansville, ingali na nyumba za mtindo wa Art Deco. Wasanii wetu wameujibu usanifu huo vipi? Makala hii inasoma kazi zao kwa msaada wa viambishi viwili vya kitenzi.

Kwanza, -nge-. Bodys Isek Kingelez (1948–2015) alijenga miji midogo kwa karatasi, kadibodi, plastiki na makopo ya soda. Katika "Kimbembele Ihunga" (1994), kijiji alikozaliwa kimepewa maghorofa na uwanja wa mpira. "Ville Fantôme" (1996), yaani mji-mzuka, aliueleza kuwa mji wa amani usiohitaji polisi. Wapo wanaoziita kazi hizi ndoto tupu. Lakini tukumbuke kazi ya -nge-: sentensi "Angekuja, tungekula" inatuarifu pia kwamba hajaja na hatujala. Vivyo hivyo, mji usiohitaji polisi unatuambia jambo juu ya mji tunaoishi. Kingelez haahidi kwa -ta-. Anataja matokeo na kutuachia sharti tulitafute wenyewe.

Pili, -ja-. Katika filamu "The Tower: A Concrete Utopia" (2015), Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, na mwanaanthropolojia Filip De Boeck wanamfuata mwenye jengo akiwatembeza katika ghorofa 12 huko Limete, Kinshasa. Jengo halijaisha. Angalia: "halijaisha" si sawa na "halikuisha". Kiambishi -ku- hufunga habari. -Ja- huacha mlango wazi, kwa kuwa msemaji bado anatazamia.

Hapo ndipo sarufi inapotuhusu sisi. Anayeandika juu ya miji yetu kwa -ku- peke yake ameshaihukumu. Anayeandika kwa -nge- peke yake anaweza kusahau watu wanaolala leo chini ya paa lililopo. Kazi hizi mbili, zikisomwa pamoja, zinasahihishana.

Zoezi: chagua jengo moja la Bukavu, la zamani au linaloendelea kujengwa kwenye mteremko. Lieleze kwa sentensi tatu, ukitumia -li-, -ja- na -nge-. Kisha jiulize ni ipi iliyokuwa ngumu kuandika, na kwa nini.