UGONJWA WA KUOZA POPOO



Baada ya kikao chetu kilichopita, mwanachama mmoja alinitolea mfukoni popoo tatu changa zilizoanguka kabla ya wakati wake, akaniuliza kama huo ndio ule ugonjwa wa Bara Hindi. Tulizipasua, tukakuta tundu la mdudu. Alhamdulillahi haukuwa wenyewe. Lakini swali lake lilikuwa la haki, kwani wengi wetu tuna mipopoo kati ya mikarafuu, na mwaka ambao karafuu hazikuzaa, popoo ndizo zinazotununulia sukari.

Ugonjwa huo umeenea khasa magharibi ya Bara Hindi, katika Karnataka na Kerala, ambako pepo hii hii ya kusi huwashushia mvua nyingi tangu Juni mpaka Septemba. Kwa Kikannada huitwa koleroga, yaani ugonjwa wa kuoza. (Kole yao si kole letu la nazi!) Unaletwa na kimelea cha jamii ya Faitoftora, nduguye yule aliyeozesha viazi vya Ayalandi mwaka 1845. Mbegu zake huogelea katika maji, na kwa hiyo hupenda mvua isiyokatika na shamba lililosongamana.

Utautambua hivi. Popoo hufanya baka la kijani iliyoiva, kama lililoloa maji, aghlabu karibu na kikonyo. Baka hutambaa, popoo hupoteza mng'aro wake, huanguka, kisha huvikwa ukungu mweupe. Ukiachwa, huweza kupanda mpaka kileleni ukaozesha kichilema, na hapo mti wote umekwenda.

Dawa yake ni mrututu na chokaa, iitwayo dawa ya Bordeaux. Khabari yake inachekesha. Mwaka 1882 huko Ufaransa, mwalimu mmoja, Millardet, aliona mizabibu ya kando ya njia imenyunyizwa mchanganyiko huo ili wezi wasile zabibu, na majani yake yamesalimika na ugonjwa. Tangu 1910 hivi mtaalamu Coleman aliwafundisha wakulima wa Mysore kuinyunyiza makole ya popoo. Kabla ya hapo waliyafunika kwa majani. Siku hizi wako wanaoyafunika kwa mifuko ya plastiki.

Chukua mrututu kilo 1, uuyeyushe katika maji lita 50, ndani ya pipa la plastiki au mtungi, si bati wala chuma, maana mrututu hula madini. Zima chokaa mpya kilo 1 kwa maji kidogo, kisha ongeza mpaka lita 50. Mimina mrututu ndani ya chokaa polepole huku ukikoroga. Tia kisu kilichosuguliwa kikang'ara. Kikitoka na wekundu wa shaba, chokaa haijatosha, ongeza. Chuja, utumie siku ile ile, kwani ikilala hupoteza nguvu. Wahindi hunyunyiza mara ya kwanza kabla ya mvua, na mara ya pili baada ya siku 40 au 45. Ukishakosa ile ya kwanza, zilizobaki hazikufai sana.

Mimi simwambii mtu akanunue mrututu leo. Mwenye mipopoo mitatu, ujira wa mkwezi utamshinda. Yeye yamtosha kuokota zilizoanguka kila siku na kuzichoma moto, na kupunguza kivuli. Mwenye shamba zima ndiye wa kufanya hesabu. Na anayenyunyiza asisahau kuwa mkwezi yuko chini ya matone: afunike macho, na kisima kilicho karibu kifunikwe pia.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni mbegu. Nimesikia watu wanawaagiza jamaa wawaletee popoo za kupanda kutoka Bara Hindi, mikobani. Tafadhalini, zisiingie bila ya kukaguliwa bandarini.

Atakayeona baka kama nililolieleza aniletee popoo mbili tatu siku ile ile, zimefungwa katika karatasi. Zikifungwa plastiki huoza njiani, tusijue kilichozioza.

Katibu